Kutembea katika Magofu ya Warumi: Tulichokiona Tunisia na Walichosema Wanavyuoni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Swali hili tumeulizwa mara nyingi na ndugu zetu, hasa vijana wanaokwenda kusoma au kufanya biashara katika nchi za Kiarabu: je, yajuzu Mwislamu kwenda kutazama magofu ya Warumi, ambayo ndani yake mna mahekalu ya miungu yao na masanamu yao? Wako wanaouliza kwa wasiwasi wa kweli wa dini. Wako pia waliokwisha kumsikia mtu akisema kwamba kwenda huko ni haramu, na kwamba mawe yale hayana haki ila ya kuvunjwa. Hadi sasa tulikuwa tukijibu kutoka vitabuni tu. Safari hii tutajibu kutoka vitabuni na kwa miguu yetu pia, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alitujaalia kukaa siku chache nchini Tunisia, nchi ambayo katika vitabu vya fiqhi na tarehe huitwa Ifriqiya.

Kwanza tuiweke sawa asili ya jambo lenyewe. Qur'ani Tukufu haikuwanyamazia waliotutangulia, wala haikusema mabaki yao yasitazamwe. Kinyume chake, imeamrisha watu watembee katika ardhi na watazame ulikuwaje mwisho wa waliokuwa kabla yao. Amri hiyo imo katika Sura ya 6 aya ya 11, Sura ya 27 aya ya 69, na katika Sura ya 30. Na zingatia, ndugu msomaji, kwamba hiyo Sura ya 30 ni Suratur-Rum, Sura ya Warumi wenyewe. Katika aya yake ya 9 tunaelezwa kwamba wale wa kale walikuwa na nguvu zaidi, wakailima ardhi na kuistawisha kuliko walivyoistawisha waliokuja baada yao. Anayesoma maneno hayo akiwa nyumbani huyafahamu. Anayeyakumbuka akiwa chini ya ukuta wa mita 36 uliojengwa kwa mawe yaliyochongwa miaka 1,800 iliyopita huyafahamu kwa namna nyingine.

Ama dalili wanayoishika wanaokataza ni Hadithi sahihi ya Al-Hijr, iliyopokewa na Ibn Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akienda Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, alipita katika maskani ya Thamud. Akawakataza Maswahaba wasiingie katika makazi ya waliojidhulumu nafsi zao isipokuwa wawe wanalia, wakihofia wasije wakasibiwa na yaliyowasibu wale. Akawaamuru wayamwage maji waliyoteka katika visima vya pale, na unga waliokwisha kuukanda wawape ngamia. Hadithi hii ni nzito, na hatuipunguzii uzito wake. Lakini tuisome kama ilivyo. Imehusu mahali pa watu ambao wahyi umetupa habari kwamba waliangamizwa kwa adhabu. Na hata hapo, mlango wa kuingia haukufungwa kabisa. Kilichokatazwa ni kuingia kwa kughafilika. Ama miji ya Warumi, hatuna nassi inayosema kwamba mji huu au ule uliteremshiwa adhabu. Mingi ilikufa kama inavyokufa miji yote: kwa vita, kwa njaa, kwa bandari kuhama, kwa watu kuondoka mmoja mmoja. Kwa hiyo hukumu ya Al-Hijr haibebwi nzimanzima na kutwikwa juu ya kila jiwe la kale. Adabu yake ndiyo inayobebwa.

Carthage

Tulianzia Carthage, ambayo Waarabu huiita Qartaj, kando ya bahari, safari fupi ya treni kutoka mjini Tunis. Siku hizi ni kitongoji cha matajiri, chenye nyumba nyeupe na bustani, na magofu yamo katikati ya nyumba hizo, hapa kipande, pale kipande. Aliyetarajia kukuta mji mzima uliosimama atavunjika moyo.

Mji huu ulijengwa na Wafoinike waliotoka Tiro. Tarehe iliyozoeleka ni mwaka 814 kabla ya Masihi. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Masihi, baada ya vita vitatu vya kufa na kupona, kisha wao wenyewe wakaujenga upya ukawa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dola yao. Wavandali wakauteka mwaka 439, na Warumi wa mashariki, yaani wa Konstantinopoli, wakaurejesha mwaka 533.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na linatuhusu moja kwa moja. Mwanzoni mwa karne ya saba gavana wa Warumi aliyekaa Carthage alikuwa na mwana aliyeitwa Heraclius. Mwana huyo aliondoka bandarini hapa na kundi la merikebu, akaenda Konstantinopoli akampindua mfalme aliyekuwapo, na mwezi wa Oktoba mwaka 610 akavikwa taji. Huyo ndiye Hiraqli, yule yule ambaye Mtume (s.a.w.) alimpelekea barua, naye akamwita Abu Sufyan amhoji, kisa kilichomo mwanzoni kabisa mwa Sahihi Bukhari. Na mwaka 610 ndio mwaka ambao wengi wa wanahistoria wanauhesabu kuwa wa kuanza kuteremka wahyi katika pango la Hiraa. Tulisimama tukaitazama bahari ile tukanyamaza kidogo. Kwetu Warumi wa Suratur-Rum walikuwa jina katika tafsiri. Pale walikuwa na gati.

Magofu makubwa zaidi ya Carthage ni yale ya mabafu ya zama za mfalme Antoninus Pius, katika karne ya pili. Mgeni hutembea baina ya kuta nene na matao akidhani yumo katika kumbi za waungwana. Sivyo. Kumbi za juu zimekwisha zamani, na kilichobaki ni tabaka ya chini: matanuri, maghala ya kuni, na vijia vya watumwa waliochochea moto ili wakubwa waoge maji ya moto. Nguzo moja tu imesimamishwa tena, kimo chake chapata mita 15, ili mtazamaji akisie ukubwa wa jengo lililokuwa juu. Hayo mabafu yalikunywa maji yaliyotoka milima ya Zaghouan kwa mfereji wa kilomita 132, ambao sehemu zake zilibebwa juu ya matao marefu. Na mfereji huo haukufa na Warumi. Sultani Al-Mustansir wa ukoo wa Hafsi aliukarabati katika karne ya 13 ili maji yafike tena Tunis.

Matao hayo ndiyo aliyoyataja Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis (732 Hijria, sawa na 1332), katika Muqaddima yake. Anasema kwamba watu wa mji wake walipohitaji mawe mazuri ya kujengea waliyaendea matao ya Carthage, wakahangaika siku nyingi, na baada ya jasho jingi hawakuangusha ila kidogo. Na yeye mwenyewe anasema aliyashuhudia hayo utotoni mwake. Kisha anatoa hoja ambayo hadi leo watu wanaihitaji: majengo makubwa hayakujengwa na majitu. Wasimulizi walikuwa wakieneza kwamba watu wa kale walikuwa na miili mirefu kupita kiasi, ndiyo maana wakaweza. Ibn Khaldun anawajibu kwa nyumba za Thamud zile zile za Al-Hijr, kwamba milango yake ni kama milango yetu. Ukubwa wa jengo, anasema, unatokana na ukubwa wa dola, wingi wa mikono iliyokusanywa na vyombo vya kunyanyulia. Hii ndiyo faida ya mwanachuoni aliyetembea na kutazama kwa macho yake, badala ya kutosheka na kusimuliwa.

Kuna pia uwanja wa michezo wa Carthage, ambao umebaki kidogo sana, duara la mawe chini ya misonobari. Mwezi wa Machi mwaka 203 waliuawa humo kwa wanyama na upanga watu wa kundi dogo la Wakristo waliokataa kuitolea kafara miungu ya dola. Mmoja wao, Perpetua, alikuwa mama kijana mwenye mtoto anayenyonya. Sisi tuna ikhtilafu kubwa na Wakristo katika itikadi, jambo hilo halifichwi. Lakini anayekijua kisa cha watu wa mahandaki katika Suratul-Buruj, na mama aliyekuwa na mtoto wake mchanga katika Hadithi ya Sahihi Muslim, hawezi kupita pale kama anayepita sokoni.

Uwanja wa El Jem

Kutoka Tunis hadi El Jem ni kiasi cha kilomita 200 kuelekea kusini, kwa hiyo tulikuwa wasafiri kisheria, na Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya na kuzipunguza. Njia nzima ni mizeituni. Hiyo mizeituni ndiyo sababu ya uwanja wenyewe: mji huu, ambao Warumi waliuita Thysdrus, ulitajirika kwa mafuta ya zeituni, na mnamo mwaka 238 ulikuwa ukijenga uwanja wa kuketi watu wapatao 35,000. Urefu wake ni kiasi cha mita 148 na upana mita 122. Leo mji ni mdogo, na jengo hilo limesimama katikati ya vijumba kama jahazi lililopwelewa kisiwani.

Tulishuka chini ya uwanja, katika zile njia mbili za chini kwa chini walikofungiwa wanyama na watu waliosubiri kupandishwa juu. Vyumba ni vya giza, na katikati dari lina mwanya unaoingiza mwanga. Kijana tuliyefuatana naye alikuwa akipiga picha kwa furaha tangu tuingie. Pale chini aliiweka simu mfukoni bila kuambiwa. Yule aliyekaa gizani humu aliisikia juu yake sauti ya maelfu waliokuja kumwona akifa, nao wamekula na kushiba. Hatukuhitaji waadhi wa kutufasiria maana ya kuingia kwa kulia.

Ubavu mmoja wa uwanja una pengo kubwa. Hilo si la zama za Warumi wala la Waislamu wa kwanza. Mwaka 1695 jeshi la bey wa Tunis lililipua ukuta ili waasi wa kodi wasiufanye tena kuwa ngome. Kabla ya hapo wenyeji wanasimulia kwamba hata Al-Kahina, malkia wa Waberber aliyepigana na Hassan ibn al-Nu'man, alijificha humo. Masimulizi tunayaacha kwa wasimulizi. La hakika ni kwamba katika karne ya 17 mawe yake yalijengea nyumba za jirani, na mengine yakapelekwa Msikiti Mkuu wa Qairawan.

Nguzo za Qairawan

Na huko ndiko tulikoelekea. Uqba ibn Nafi aliijenga Qairawan mwaka 50 Hijria (670), ndani ya bara, mbali na pwani kwa kuziogopa merikebu za Warumi, kwani Carthage ilikuwa bado mikononi mwao. Ilitekwa moja kwa moja mwaka 698. Msikiti tunaouona leo kwa sehemu kubwa ni wa Ziyadatullah, amiri wa ukoo wa Aghlab, aliyeujenga upya mwaka 221 Hijria (836).

Ukiingia, jambo la kwanza ni nguzo. Ni zaidi ya 400, za marumaru nyeupe, za kijivu, za rangi ya damu ya mzee, na takriban zote zimetoka katika majengo ya Warumi. Hazilingani. Moja nene, moja nyembamba. Moja fupi imeongezewa kitako ili ifikie kimo cha wenzake. Taji la hii lina majani, la ile lina mistari. Watu wa zamani walisema mwenye kuzihesabu atapofuka. Hiyo ni khurafa, lakini tuliona ni khurafa yenye adabu, kwani humrudisha mtu kwenye Sala yake. Nje, katika mawe ya chini ya mnara, kuna maandishi ya Kilatini. Watu wa hekalu waliyachonga kwa jambo lao, na juu yake kumeadhiniwa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili.

Nani waliosali baina ya nguzo hizo? Katika mji huu alisomesha Imamu Sahnun (aliyefariki mwaka 240 Hijria), mtungaji wa Mudawwana, nguzo ya madhehebu ya Imamu Malik, ambaye pia alikuwa kadhi wake. Katika mji huu alikuwa kadhi Asad ibn al-Furat kabla ya kuongoza jeshi lililovuka kwenda Sicily mwaka 212 Hijria. Hawa ni watu ambao wakikukuta na jambo la shirki hawakunyamazii. Na hawakuona tabu kuiegemea nguzo iliyochongwa na mwabudu Jupiter wakisomesha Tauhidi.

Hapo ndipo tunaporudi kwa yule anayesema mawe haya ni ya kuvunjwa. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) aliyavunja masanamu yaliyoizunguka Al-Kaaba mwaka wa 8 Hijria. Yalikuwa yakiabudiwa siku hiyo hiyo, na nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Lakini Imamu Tabari amepokea kwamba Saad ibn Abi Waqqas (r.a.) alipoingia jumba la Kisra huko Madain, mwaka wa 16 Hijria, alisali humo nalo lina masanamu ya chokaa ya watu na farasi, wala yeye na Waislamu waliokuwa naye hawakuyaondoa. Maswahaba waliifungua Misri, na mapiramidi na mahekalu yake yangalipo. Je, sisi ni wakali wa Tauhidi kuliko Saad, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo?

Tunalisema hili kwa sababu halikuishia katika maneno. Mwezi wa Agosti 2015, huko Palmyra nchini Syria, kundi lililojiita Dola ya Kiislamu lililipua hekalu la Baalshamin na hekalu la Bel, ambamo hakuna aliyekuwa akimsujudia Bel kwa karne nyingi. Mwezi huo huo walimchinja Khaled al-Asaad, mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyeyatunza mabaki ya mji huo kwa miongo. Na mjini Tunis kwenyewe, tarehe 18 Machi 2015, watu wenye silaha waliingia Makumbusho ya Bardo wakawaua zaidi ya watu 20, wengi wao watalii. Tulipita katika kumbi hizo hizo. Mgeni aliyeingia nchi kwa ruhusa yuko katika amani ya Waislamu wote, na amani hiyo hutolewa hata na mmoja wao, Ummu Hani (r.a.) alimpa mtu amani siku ya ufunguzi wa Makka, na Mtume (s.a.w.) akaipitisha. Kuivunja ni khiana, hata mgeni awe nani na awe amekuja kutazama nini.

Bardo ndiyo yenye hazina kubwa ya nakshi za vijiwe za Warumi, zenye picha za wavuvi, simba, watu na miungu. Tukaulizana juu ya picha hizo. Wengi wa wanavyuoni wamelegeza kuhusu picha iliyo bapa na inayokanyagwa, kwa Hadithi ya pazia la Bibi Aisha (r.a.) lililokatwa likafanywa mito ya kuegemea. Na nakshi hizi zilikuwa sakafu: Warumi walizikanyaga kwa miguu. Ni wasomi wa leo waliozing'oa na kuzitundika ukutani.

Limebaki swali la sarafu, ambalo ni la fiqhi halisi. Nje ya uwanja wa El Jem alitujia mzee mmoja, akafungua leso yake, mna sarafu tano za kijani kwa kutu. Akatuapia kwamba alizichimbua katika shamba lake la mizeituni. Mali iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu huitwa rikazi, na Mtume (s.a.w.) ameifaradhishia khumsi, yaani sehemu moja ya tano. Katika madhehebu yetu ya Shafi, tunayoyafuata watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, khumsi hiyo ni katika dhahabu na fedha iliyofika nisabu, bila ya kungoja mwaka. Kwa Malik ni katika kidogo na kingi, hata vitu visivyokuwa dhahabu na fedha. Na imo katika Mudawwana kwamba yeye alichukia kufukua makaburi ya watu wa Jahiliya ili kutafuta mali, ingawa hakusema ni haramu. Juu ya yote hayo, Tunisia ina sheria ya turathi ya mwaka 1994 inayolinda mabaki yanayopatikana ardhini, na mwenye mamlaka akiweka sheria kwa maslaha ya watu wote, hutiiwa. Kwa hiyo kama sarafu ni za kweli, haijuzu kwetu kuzinunua na kuondoka nazo. Na kama ni za bandia, tunanunua ghushi.

Tulimweleza mzee hayo kwa Kiarabu chetu cha vitabuni, mas'ala moja baada ya jingine, hadi kwenye khumsi. Alitusikiliza kwa utulivu mwisho hadi mwisho, akaifunga leso yake, akatuuliza kama tumekwisha kusali Alasiri.